Habari Iliyochelewa

Mwaka 1840 mwanafalaki George Biddell Airy, mkuu wa Kituo cha Falaki cha Greenwich nchini Uingereza, alichapisha maelezo ya tatizo lililomsumbua kwenye darubini. Dunia inapojizungusha, nyota huhama machoni pa mtazamaji, na anayetaka kuikazia macho nyota moja hana budi darubini yake igeuzwe polepole upande wa pili, kwa mwendo usiobadilika hata chembe. Kazi ya kugeuza ilifanywa na mtambo wa saa, na mwendo wa mtambo huo ulikabidhiwa kifaa chenye mipira inayozunguka: mwendo ukizidi mipira hutanuka na kuubana mtambo, ukipungua mipira hushuka na kuuachia. Mtu angedhani kifaa cha namna hiyo kitasaidia tu, hakina namna ya kudhuru. Badala yake mtambo ulipandwa na wazimu. Ulikimbia, ukabanwa, ukazubaa, ukaachiwa, ukakimbia kuliko mara ya kwanza, na kila sahihisho likauongezea vurugu.

Airy alikuwa mwanahisabati hodari, akaandika milinganyo ya mwendo ule. Alikuwa wa kwanza kuonyesha kwa hesabu kwamba mfumo unaojisahihisha unaweza kujivuruga wenyewe ilhali hakuna sehemu yake hata moja iliyoharibika.

Mwanafunzi wa uhandisi leo hukutana na jambo hilo kwenye somo la udhibiti, kisha, mara nyingi kwenye muhula mwingine na kwa mwalimu mwingine, hukutana na vichujio vya kidijitali, yaani hesabu za kusafisha vipimo. Hutoka akiamini kwamba amesoma mambo mawili. Kwangu mimi hili ni kosa kubwa la ufundishaji, na historia yenyewe inalikanusha. Waliojenga masomo haya mawili walikuwa, mara kwa mara, watu walewale, na walipigana na adui mmoja: habari huchukua muda kufika, na anayesahihisha kwa habari iliyopitwa na wakati huongeza kosa alilokusudia kuliondoa.

Mipira ile Airy hakuibuni. Mei 1788 Matthew Boulton alimwandikia mshirika wake James Watt kuhusu alichokiona kwenye kinu cha Albion, London: mipira inayozunguka ikitumika kurekebisha nafasi kati ya mawe ya kusagia, mbinu iliyotoka kwa mafundi wa vinu vya upepo. Mwaka haujaisha, kidhibiti mwendo cha injini ya mvuke kilikuwa kimeshachorwa kwenye karakana zao za Soho, Birmingham. Injini ikichapuka, mipira hupaa na kuibana njia ya mvuke. Ikilegea, hushuka na njia hufunguka. Hiki ndicho wahandisi wanachokiita mrejesho, yaani matokeo ya mashine yanarudi kuiamuru mashine yenyewe.

Kwa miaka mingi kifaa hicho kilifanya kazi bila shida, na sababu mojawapo ilikuwa ufundi duni wa enzi ile. Viungo vilisuguana sana, na msuguano ukaumeza mtikisiko kabla haujakua. Kadiri mafundi walivyojifunza kuchonga vyuma kwa usahihi, na injini zilivyozidi ukubwa na kasi, ndivyo kuyumba kulivyojitokeza. Ningependa kila mwanafunzi akae na ukweli huu kwa muda kabla ya kufungua ukurasa wa milinganyo: mashine iliyotengenezwa vizuri zaidi iliyumba zaidi, kwa sababu ubovu wa zamani ulikuwa ukifanya kazi muhimu ambayo hakuna aliyeijua.

James Clerk Maxwell aliingia kwenye suala hili kupitia umeme. Miaka ya 1860 yeye na wenzake walikuwa wakipima kipimo cha ukinzani wa umeme, ohmu, kwa kuzungusha koili ya waya kwa kasi isiyobadilika, na kasi hiyo ilisimamiwa na kidhibiti kilichobuniwa na Fleeming Jenkin. Machi 1868 makala yake kuhusu vidhibiti mwendo ilisomwa mbele ya Royal Society. Humo aliandika kwamba mfumo ukisukumwa kidogo una njia nne tu: mtikisiko uongezeke moja kwa moja, upungue moja kwa moja, uyumbe huku ukikua, au uyumbe huku ukififia. Ipi kati ya hizo itatokea hutegemea mizizi ya mlinganyo mmoja wa aljebra. Sehemu halisi ya kila mzizi ikiwa hasi, mashine itatulia. Maxwell alipata sharti kamili kwa mlinganyo wa daraja la tatu. Wa daraja la tano ulimshinda kuumaliza, akasema wazi kwamba anatumaini wanahisabati watalishughulikia.

Aliyelimaliza alikuwa Edward John Routh, mzaliwa wa Quebec, Kanada. Mwaka 1854 Routh na Maxwell walifanya mtihani mmoja wa hisabati pale Cambridge. Routh akawa wa kwanza, Maxwell wa pili. Miaka zaidi ya 20 baadaye Maxwell alikuwa miongoni mwa waliochagua mada ya tuzo ya Adams, nayo ikawa uthabiti wa mwendo. Routh akaitwaa mwaka 1877 kwa jedwali ambalo wanafunzi wangali wanalijaza hadi leo: hesabu chache za kujumlisha na kuzidisha zinakuambia ni mizizi mingapi imevuka upande mbaya, bila kulazimika kuitafuta mizizi yenyewe. Kule Uswisi, Aurel Stodola, mhandisi wa mitambo ya maji, hakuwa na habari za Routh. Alimpelekea tatizo hilohilo mwenzake Adolf Hurwitz, na jibu la Hurwitz la mwaka 1895 likatumika kwenye mtambo wa Davos. Ndiyo maana leo majina yao mawili yanatajwa pamoja, ingawa wenyewe walifanya kazi mbalimbali.

Nicolas Minorsky, mhandisi aliyetoka Urusi kwenda Marekani, nitamtaja kwa ufupi tu, kwa kuwa kila kitabu cha udhibiti kinamweleza. Aliwatazama washika sukani wa meli wakiwa kazini, na mwaka 1922 akaandika kwamba mshika sukani mzoefu haangalii tu meli imekengeuka kiasi gani. Anaangalia pia inakengeuka kwa kasi gani, na anakumbuka kukengeuka kulikojilimbikiza kwa sababu ya upepo au mkondo. Mambo hayo matatu, kosa la sasa, mwelekeo wake na jumla yake, ndiyo kidhibiti kinachoendesha viwanda vingi duniani hadi leo. Tuliweke akilini hilo la mwelekeo, maana ndilo linalomwezesha mtu kutenda kabla ya kuchelewa, na ndilo linaloteswa zaidi na kelele, yaani makosa madogo ya bahati nasibu yanayoingia kwenye vipimo.

Sasa twende New York, kwenye simu. Simu ya masafa marefu ilikuwa na shida ya kuchosha. Sauti hufifia kwenye waya, kwa hiyo kila baada ya maili kadhaa kiliwekwa kikuzaji chenye vali za utupu. Kila kikuzaji huongeza sauti, lakini pia huipotosha kidogo, na mpotosho wa cha kwanza hukuzwa na cha pili, wa cha pili na cha tatu, hadi mwisho wa njia maneno hayatambulikani. Tena wahandisi wa simu walitaka kupitisha mazungumzo mengi kwenye waya mmoja, kila moja kwenye masafa yake, yakitenganishwa na vichujio vya umeme vya aina ambayo George Campbell alikuwa ameivumbua. Vikuzaji vikipotosha, mazungumzo ya watu tofauti yanachanganyika, na hapo hakuna kichujio kitakachoyatenganisha tena.

Harold Black wa Maabara ya Bell alihangaika na jambo hili kwa miaka. Asubuhi ya 2 Agosti 1927, akiwa kwenye kivuko kinachovuka mto Hudson kutoka Hoboken kwenda kazini Manhattan, jibu lilimjia, akalichora juu ya gazeti la The New York Times alilokuwa nalo mkononi. Tengeneza kikuzaji chenye nguvu kupita mahitaji yako, kisha rudisha sehemu ya sauti inayotoka na uitoe kwenye ile inayoingia. Nguvu nyingi utaipoteza, lakini karibu mpotosho wote utaondoka nayo.

Hesabu yake ni fupi na inafaa kuonwa. Chukua kikuzaji kinachozidisha mara 100,000, urudishe sehemu 1 ya 100 ya kinachotoka. Ukuzaji wa mfumo mzima utakuwa 100,000 ukigawanywa kwa 1,001, yaani takriban 99.9. Sasa vali zizeeke hadi kikuzaji kipoteze nusu ya nguvu zake, kibakiwe na 50,000. Mfumo mzima utakuwa 50,000 kwa 501, yaani 99.8. Nusu ya mashine imekufa, na msikilizaji wa simu hajui. Kabla ya mwaka 1927 kwisha Black alikuwa ameshaupunguza mpotosho kwa uwiano wa 100,000 kwa 1 katika kikuzaji kimoja. Ombi lake la hataza lilichukua miaka zaidi ya tisa hadi kukubaliwa, Desemba 1937. Wataalamu wa wakati ule waliona ni upuuzi mtu kujenga nguvu kwa gharama kubwa halafu aitupe kwa makusudi.

Na walikuwa na sababu nyingine ya kutilia shaka, sababu ya haki kabisa. Vikuzaji vya Black vilipiga mluzi. Ishara inapozunguka kutoka mlango wa kutokea hadi mlango wa kuingilia hutumia muda. Kwa masafa ya chini muda huo si kitu. Masafa yakipanda, muda uleule unakuwa sehemu kubwa ya wimbi, hadi ishara iliyokusudiwa kupunguza inafika ikiwa imechelewa kwa nusu wimbi. Kutoa kumegeuka kuwa kujumlisha. Ni kama mtu anayemsukuma mwenzake kwenye bembea: nguvu ni ileile, lakini ukiitoa kwa wakati mwingine, badala ya kumsimamisha unampaisha.

Aliyelimaliza fumbo hili ni Harry Nyquist, mtoto wa wakulima wa Värmland, Uswidi, aliyehamia Marekani mwaka 1907. Katika makala ya Januari 1932 alionyesha jinsi ya kujua kama kikuzaji kitatulia bila kuandika mlinganyo wa vali hata moja. Pima tu. Ingiza wimbi la masafa fulani, angalia limerudi likiwa na ukubwa gani na limechelewa kwa pembe gani, weka nukta kwenye karatasi. Ongeza masafa, weka nukta nyingine. Unganisha nukta zote. Mchoro unaotokea ukizunguka nukta moja maalumu, mfumo utayumba, usipoizunguka, utatulia. Maxwell na Routh walihitaji kuijua mashine ndani na nje. Nyquist alihitaji kuisikiliza tu, na kwa mhandisi aliye mbele ya mtambo halisi, hiyo ni zawadi isiyo na kifani.

Nyquist huyuhuyu ndiye, katika makala ya mwaka 1928 kuhusu telegrafu, aliyeonyesha kwamba njia ya mawasiliano yenye upana fulani wa masafa haiwezi kupitisha kwa sekunde alama zaidi ya mara mbili ya upana huo. Claude Shannon, mwaka 1949, aliigeuza kauli hiyo iwe kanuni ya sampuli: ukitaka kuihifadhi ishara kwa vipimo vya hapa na pale, pima zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko wa masafa yake ya juu kabisa. Ukipima polepole zaidi ya hapo, masafa ya juu hujigeuza na kuonekana kama ya chini. Mvumo wa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, ukisomwa mara 49 kwa sekunde, utaonekana kama wimbi la pole la mzunguko 1 kwa sekunde, na hakuna programu itakayoweza kulitofautisha na wimbi la kweli. Dawa yake ni kichujio cha vipande vya umeme kinachokaa kabla ya kipimo kusomwa. Mtu mmoja, basi, ndiye aliyeweka mipaka yote miwili ambayo mwanafunzi wa leo anatembea ndani yake: mpaka wa uthabiti na mpaka wa sampuli.

Mwenzao wa Maabara ya Bell, Hendrik Bode, alianza kazi kwa kubuni vichujio na ndipo akaingia kwenye mrejesho. Labda ndiyo maana yeye ndiye aliyeiona bei. Katika makala ya mwaka 1940 alithibitisha kwamba, kwa mifumo ya kawaida, ukali wa kupunguza masafa na kuchelewa kwa ishara havitenganishwi. Kila mteremko wa desibeli 20 kwa masafa yanayoongezeka mara kumi hugharimu digrii 90 za kuchelewa. Kichujio kikali zaidi, kuchelewa zaidi. Wengine walikuwa wakitafuta ustadi wa kuikwepa bei hiyo. Bode alionyesha kwamba haikwepeki, akawafundisha wahandisi kuipangia bajeti: jua una digrii ngapi za akiba kabla ya kufika 180, yaani nusu wimbi, na usizitumie zote.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta aina mpya ya kuchelewa. Rada haioni mfululizo. Hutuma mpigo, husubiri mwangwi, hutuma tena. Na kati ya mpigo na mpigo haijui kitu. Mzinga unaoelekezwa na rada unafuata ndege kwa habari za vipande vipande, tena zilizojaa kelele. Katika maabara ya mionzi iliyoanzishwa MIT mwaka 1940, mwanatopolojia Witold Hurewicz, mzaliwa wa Łódź, Polandi, alipewa jukumu la kulifikiria hilo, na sura aliyoandika katika kitabu cha nadharia ya sevo (mitambo inayofuata amri kwa mrejesho) kilichotoka mwaka 1947 inahusu vichujio na sevo kwa pamoja, vinapolishwa data ya mapigo. Tazama jinsi alivyoviweka kwenye sura moja. Mwaka huohuo wa 1947, Arnold Tustin wa Manchester alichapisha njia ya kubadilisha mlinganyo wa wakati unaotiririka kuwa hesabu ya hatua kwa hatua, njia ambayo bado ndiyo ya kwanza kufundishwa.

Mwaka 1952 John Ragazzini na Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha Columbia waliipa hesabu hiyo umbo la herufi z, ambayo maana yake ni nyepesi kuliko inavyoonekana ubaoni: kugawa kwa z ni kusema "kipimo cha hatua iliyopita". Kwa umbo hilo, sharti la Maxwell linabadilisha sura. Mizizi haitakiwi tena kukaa kushoto mwa mstari, inatakiwa kukaa ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha 1. Eliahu Jury, mzaliwa wa Baghdad aliyesoma kwa Ragazzini, akatoa jedwali la kuijaribu, ndugu wa jedwali la Routh.

Aliyevileta vichujio vya kidijitali mikononi mwa wahandisi wa kawaida ni James Kaiser. Alitokea kwenye udhibiti. Mwaka 1957 alikuwa mmoja wa waandishi watatu wa kitabu cha kubuni mifumo ya mrejesho. Alipohamia Maabara ya Bell aliwakuta watafiti wa sauti wakitaka kuiga vichujio ndani ya kompyuta, na katika miaka ya 1960 akaonyesha jinsi vichujio vyote vilivyokwisha kubuniwa kwa koili na kapasita vinavyoweza kuhamishiwa kwenye hesabu za hatua kwa hatua.

Kichujio chepesi kabisa cha aina hiyo ni hiki: jibu jipya ni 0.9 ya jibu lililopita, ukiongeza 0.1 ya kipimo kipya. Mstari mmoja wa programu. Kelele hupungua kwa kuwa kila kipimo kinaruhusiwa kubadilisha jibu kidogo tu. Lakini angalia kilichotokea: jibu limerudi kuwa sehemu ya jibu linalofuata. Huo ni mrejesho. Weka 1.1 mahali pa 0.9, na jibu litakua bila kikomo hata kipimo kikiwa sifuri. Kaiser, kwa macho ya mtu wa udhibiti, aliona hatari ambayo wengine hawakuitazamia. Kichujio cha daraja la juu chenye mkanda mwembamba kina mizizi iliyosongamana karibu na ukingo wa duara, na kompyuta ikikata tarakimu chache za mwisho za namba zake, mzizi mmoja unaweza kuchomoka nje. Ushauri wake wa mwaka 1965, kukigawa kichujio kirefu kuwa vipande vya daraja la pili vinavyofuatana, ungali unatumika kwenye simu unayoibeba.

Kichujio cha aina ya pili hakina mrejesho ndani yake, kwa hiyo hakiwezi kuyumba. Huchukua wastani wa vipimo kadhaa vya mwisho, basi. Wanafunzi hukipenda kwa usalama huo. Tukitie ndani ya kitanzi cha udhibiti tuone. Tuseme mtambo unasomwa kila milisekunde 10, na tunachukua wastani wa vipimo 10. Wastani huo unaeleza hali ya katikati ya dirisha, sio ya sasa: umechelewa milisekunde 45. Kompyuta nayo inaishikilia amri yake hadi hatua inayofuata, jambo linaloongeza, kwa wastani, milisekunde 5. Jumla ni 50. Kama kitanzi kinafanya kazi yake kwenye mizunguko 2 kwa sekunde, milisekunde 50 ni moja ya kumi ya wimbi, digrii 36. Mbunifu aliyejiwekea akiba ya digrii 45 amebakiwa na 9, na mtambo wake utatikisika kila unapoguswa. Kichujio kimefanya kazi yake sawasawa. Picha kwenye skrini ni safi kuliko awali. Mtambo unayumba.

Viwanda vililijua hilo kwa vitendo. Mwaka 1962 kampuni ya ICI ya Uingereza iling'oa vidhibiti vya kiwanda kizima na kuweka mahali pake kompyuta moja ya Ferranti Argus, ikipima vigeu 224 na kuamuru vali 129. Michakato ya kemikali huenda polepole, ikawa rafiki kwa kompyuta za kizamani. Chombo cha Apollo cha kutua mwezini hakikuwa na upole huo.

Rubani wa kidijitali wa chombo hicho, yaani programu ya kukiongoza, iliandikwa katika Maabara ya Ala ya MIT, kwa kompyuta yenye maneno 2,048 tu ya kumbukumbu inayofutika. Kila sehemu ya kumi ya sekunde ilisoma pembe za chombo na kuamua roketi ndogo zipi ziwashwe. Pembe zilijulikana, kasi ya mzunguko haikupimwa na chochote. Ilibidi itolewe kwa kulinganisha pembe na pembe. Chembe ndogo kabisa ya kipimo cha pembe ilikuwa takriban digrii 0.011, igawanye kwa sekunde 0.1 na unapata kelele ya digrii 0.11 kwa sekunde, nyingi mno kwa chombo kinachotakiwa kutulia. Kuichuja kwa wastani kungekuwa kununua usafi kwa kuchelewa, na tumeona bei yake.

Njia waliyoipita inatokana na wazo lililokomazwa na Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest na mwanafunzi mwingine wa Ragazzini, katika makala yake ya mwaka 1960. Kichujio hakilazimiki kuketi kikisubiri vipimo. Kompyuta yenyewe ndiyo iliyotoa amri ya kuwasha roketi. Inajua uzito wa chombo. Inaweza kukadiria kasi itakuwa ngapi hatua ijayo kabla kipimo hakijafika. Kipimo kikifika, hutumika kusahihisha makadirio kidogo. Bode hakukanushwa. Kilichoongezwa ni ujuzi wa kitu kinachodhibitiwa, na ujuzi huo ndio uliolipa deni la muda.

Ujuzi huo, hata hivyo, lazima uwe wa kweli, na 20 Julai 1969, watu walipotua mwezini kwa mara ya kwanza, jambo hili lilikaribia kugharimu safari nzima. Injini kubwa ya kushukia haikuitikia papo hapo. Amri ya kuongeza au kupunguza msukumo ilichukua muda kutekelezwa. Waraka rasmi wa makubaliano kati ya watengenezaji ulisema muda huo ni sekunde 0.3. Allan Klumpp, aliyebuni hesabu za kushuka, aliona kwenye majaribio yake kwamba kufidia sekunde 0.2 kunatosha, akaiandika hiyo. Kumbe watengenezaji wa injini walikuwa wameshaiboresha, na muda halisi ulikuwa takriban sekunde 0.075. Waraka haukurekebishwa.

Programu ikawa inafidia kuchelewa kusikokuwapo. Juu ya hayo, vipima mchapuko vilikaa mbele ya kitovu cha uzito, na chombo kikiinamisha pua kidogo, kompyuta ilidhani kinapanda au kinashuka. Armstrong, aliyekuwa akikiongoza chombo, alipokuwa akitafuta mahali pasipo na mawe, msukumo wa injini ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, kwa namna ambayo Airy angeitambua mara moja. Hali hiyo ilijirudia kwenye Apollo 12 miezi minne baadaye. Wahandisi walipoketi na rekodi za safari hizo mbili na kufanya hesabu, waligundua kwamba kwa fidia ya sekunde 0.2 mfumo ulikuwa thabiti kwa nafasi finyu sana. Kama Klumpp angeutii waraka na kuandika 0.3, msukumo ungeyumba huku ukikua.